Rababendi Jikoni kwa Mama

Mtaani wananiita Bango. Jina nililopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho, na huko linakaa kwa amani bila kusumbuliwa na mtu. Kazi yangu ni kuandika. Siandiki vitabu wala magazeti. Naandika kuta, milango ya maduka, mbao za vinyozi na matumbo ya malori. Ukipita barabara ya sokoni ukaona "HAPA TUNAZIBA PANCHA" na ukaelewa bila kupunguza mwendo, ujue huo ni mkono wangu. Herufi zangu zinasomeka na dereva aliyechelewa, na mlevi, na mtoto wa chekechea. Hilo huwa nalisema kila mahali, hata misibani, mpaka mke wangu akinisikia nakohoa kidogo ili kuanza hotuba, huniwahi kwa kunipa kitu cha kutafuna.

Kisha wakaja wenye mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Bango ambalo mimi ningelisotea kutwa nzima juu ya ngazi, mashine inalitema kabla mteja hajamaliza soda yake. Wateja wakaanza kunikwepa mmoja mmoja. Wengine tulikutana uso kwa uso, wakajifanya wanapokea simu. Hapo ndipo nilipoanza kuyapenda mazingira.

Nisijitie utakatifu. Kabla ya hapo sikuwa nimeyafikiria mazingira hata siku moja. Brashi zangu nilizisafisha kwa mafuta ya taa, mafuta nikayamwaga nyuma ya choo huku napiga mluzi. Lakini wivu uliponibana nikagundua kwamba plastiki inaziba mitaro, inaua samaki na inaharibu udongo. Nikawa nahubiri. Mtu akipita na mfuko wa plastiki nilimtazama mpaka anaukunja na kuuficha kwapani.

Katika hali hiyo ya uchaji nilikutana na Mwenye Duka. Alikuwa amefungua duka la vifaa vya ujenzi na vyombo vya nyumbani visivyochafua mazingira, na kwa heshima ya bidhaa zake hakutaka bango la plastiki. Nilimwandikia ukuta mzima: "JIKO SAFI, DUNIA SAFI." Herufi nyekundu, kivuli cheusi, kila moja ina urefu wa mtu mzima. Nilipomaliza nikavuka barabara kuutazama, nikasimama pale nimeshika brashi, nikaamini. Nimeandika matangazo ya dawa za kuotesha nywele miaka nenda miaka rudi, na kipara changu ni shahidi kwamba sikuwahi kushawishika. Lakini hili liliniingia hadi kwenye mifupa.

"Nilipe kwa vifaa," nilimwambia. "Nataka jiko kama la kwenye ukuta."

"Sawa, fundi," alisema Mwenye Duka. "Ila likikamilika, uniruhusu nilete wateja waje walione."

Angejua jinsi nilivyokuwa na hamu ya kuonwa, asingeomba ruhusa.

Tatizo ni kwamba jiko halikuwa langu. Lilikuwa la mama.

Mama anaishi nasi tangu baba alipofariki. Siku aliyohamia aliomba kitu kimoja tu: apewe jiko. Mke wangu ni msusi. Asubuhi anakwenda saluni, jioni anarudi vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo alilikabidhi jiko kwa mikono miwili na hajalidai mpaka leo. Mama akawa ndiye serikali ya nyumba. Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nilikuwa bado nafanya kazi ili mama aione. Yeye ndiye aliyenifundisha herufi. Alimwaga unga kwenye sinia, akanishika kidole na kunichorisha A, kisha akalitikisa sinia, A ikafutika, tukaanza upya. Ndiyo maana kila ubao ninaoumaliza humpelekea kwanza. Huuelekea, huitikia kwa kichwa taratibu, husema, "Zimenyooka, baba." Hata siku ile nilipomwonyesha ubao wa kinyozi nimeushika juu chini, alisema zimenyooka. Nilicheka nusura niuangushe. Nilidhani ananitania, na nikaenda kuwasimulia watu jinsi mama yangu alivyo mcheshi.

Jiko lenyewe, kwa macho yangu, lilikuwa aibu. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi, meza imeegemezwa tofali, jiko la mkaa liko kwenye kona, na jiko la gesi lilikuwa na kitufe kimoja kizima na kingine kimevishwa kizibo cha soda. Vitu vilitunzwa kwenye makopo ya kila ukoo. Sukari ilikaa kwenye kopo refu la maziwa ya unga, chumvi kwenye kopo la biskuti lenye bonde ubavuni, majani ya chai kwenye kopo lililopoteza kifuniko na kufunikwa kisosi. Hakuna hata moja lililoandikwa kilichomo. Nyumbani kwa mwandishi wa mabango!

"Umemuuliza mama?" mke wangu aliniuliza nilipomweleza mpango.

"Mtu unamuuliza kama anataka kitu kizuri?"

"Ndiyo. Ndivyo watu wanavyofanya."

Basi nikamuuliza mama, kwa namna ya kumweleza. Akasema, "Fanyeni mnavyotaka. Makopo yangu yaacheni."

"Mama, hayo makopo ndiyo yatatangulia kutoka," nilisema, nikacheka peke yangu.

Kazi ilianza. Seremala alitengeneza makabati ya mianzi yaliyokuwa laini kama mgongo wa kitabu. Juu ya kaunta tuliweka mbao zilizokandamizwa kutoka kwenye vumbi la randa na mifuko ya plastiki iliyoyeyushwa, na mimi nikawa nazipapasa kwa ushindi kila nikipita, kama mtu aliyemshika adui yake na kumfanya meza. Vigae vilikuwa vya chupa zilizosagwa. Kuta tulizipaka chokaa, dirisha tukalipanua, maji ya sinki tukayachuja kwa mchanga na kuyaelekeza kwenye tuta la mchicha. Juu ya paa tulifunga sola. Friji ikaja ndogo, isiyo na makuu kwenye umeme. Na pale palipokuwa na jiko la gesi tuliweka jiko la umeme la kioo, jeusi, tambarare, lisilo na kitufe wala kizibo cha soda. Ukitaka kuliwasha unagusa alama iliyochorwa, linalia "pii".

Kazi ya mwisho nilijiwekea mwenyewe. Nilikusanya chupa za kioo kutoka kwenye mikahawa, zote za umbo moja, zote za kimo kimoja, nikazichemsha, nikaziandika: CHUMVI, SUKARI, MAJANI, UNGA. Nyekundu, kivuli cheusi. Nilizipanga kwenye rafu, nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikarudi zaidi mpaka barabarani, na kupitia lile dirisha kubwa bado nilisoma CHUMVI bila taabu. Makopo ya mama sikuyatupa, kwa kuwa rafiki wa mazingira hatupi kitu. Niliyapeleka kwenye karakana yangu nikayajaza rangi.

Siku ya kulizindua, mama alisimama mlangoni. Aliingia taratibu, mkono ukitambaa juu ya kaunta kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akarudi.

"Dirisha ni kubwa," alisema.

Nikasubiri.

"Ni zuri, dirisha."

Hayo tu. Katika vyote nilivyovihangaikia, akasifu lile tundu. Nilinuna mpaka jioni, na mke wangu akaniacha ninune.

Vita ikaanza. Kila asubuhi nilikuta chupa zangu zimevishwa rababendi, vile vipete vya mpira, shingoni. Moja ina rababendi moja, nyingine mbili, nyingine imefungwa uzi wenye fundo. Zile rababendi ni zile za kijani zinazofungia mboga sokoni, na zilikaa juu ya herufi zangu kama uchafu. Nilizivua. Kesho yake zimerudi. Nikazivua tena na kuzitia mfukoni, na mama hakusema neno, na mimi sikusema neno, tukawa tunapigana hivyo kimyakimya na kupeana shikamoo na marahaba kama kawaida. Nikamkuta pia anatia kidole kwenye kila chupa na kuonja kabla ya kupika. Nilidhani ananionyesha kwamba haiamini kazi yangu. Na jiko la kioo aliligusagusa kote kwa viganja mpaka likapiga kelele bila mpangilio, naye akasema, "Hili jiko linanigombeza." Hilo nalo nilihesabu kuwa dharau.

"Anagoma," nilimwambia mke wangu.

"Au ana sababu. Umemuuliza?"

Neno hilo "umemuuliza" lilikuwa limeanza kunichosha.

Kisha mama akatutangazia, tukiwa mezani, kwamba anataka kwenda kuishi kwa dada yangu.

"Kwa nini, mama?"

"Jiko lako ni zuri, baba. Ila si langu."

Dada yangu ana nyumba kubwa na msichana wa kupika; huko mama angekuwa mtu wa kukaa sebuleni na kuletewa sahani. Na hapa kwangu? Ningemaliza ubao, nimwonyeshe nani? Nilimpenda mama, nilimtaka jikoni kwangu, na nilikuwa na hakika kwamba ninachohitaji ni kumshinda tu kwa wema. Akimwona mgeni anasifu jiko, na akipika mwenyewe mbele ya watu wakampigia makofi, moyo wake utalainika. Huo ndio mpango niliouona kuwa wa busara. Nikampigia Mwenye Duka nikamwambia awalete wateja wake Jumamosi.

Asubuhi ya Jumamosi nilivua rababendi zote. Nikazing'arisha chupa, nikazipanga upya ili neno fupi likae katikati, maana ndivyo inavyopendeza. Nikamwambia mama, kwa upole kabisa, "Leo usionje kwa kidole, mama. Wageni wanatazama usafi."

"Basi tumsubiri mkwe wako arudi saluni ndiyo tupike chai," alisema.

Alikuwa amechanganyikiwa kiasi cha kumwita mke wangu mkwe wangu, na mimi badala ya kuliona hilo nikacheka. "Hapana, mama. Chai upike wewe. Wewe ndiye utakayeonyesha kwamba hata mtu mzima analimudu."

Alifunga khanga yake upya kiunoni, akaikaza.

Wageni walikuja wamevaa vizuri. Mwenye Duka aliwatembeza, akigonga kabati, akifungua bomba, akiwaonyesha maji yanavyokwenda kwenye mchicha. Mimi nilikuwa nyuma yake nikiongezea maneno pale ambapo hayakuhitajika. Mama alisimama mbele ya jiko la kioo. Liliwaka kwa mguso wa kwanza, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Maji yakachemka. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akashika chupa ya kwanza, akaipapasa shingoni, akairudisha. Akashika ya pili, akaipapasa shingoni. Nilimwona. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu mawili, na nilichowaza ni kwamba ataziacha alama za vidole kwenye kioo.

Chai ikamiminwa. Mgeni mmoja wa kike alikunywa, akatulia, akaitazama birika kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Mwingine alikohoa. Mwenye Duka, ambaye ni mfanyabiashara hadi kwenye koo, alimeza yote na kusema, "Ina ladha ya asili."

Nilionja. Ilikuwa chumvi tupu.

Hasira ilinipanda. Nilisema moyoni: amefanya makusudi, mbele ya watu, ili apate kuondoka. Nikaichukua ile chupa, nikaiinua mbele ya uso wake.

"Mama! Herufi kubwa hivi, lori likipita zinasomeka! Hapa pameandikwa nini?"

Mama aliipokea. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja kwenye shingo ya chupa, vikaizunguka, vikatafuta, vikaizunguka tena. Shingo ilikuwa tupu. Rababendi zake zilikuwa mfukoni mwangu.

"Sukari," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mwenye Duka, Mungu ambariki, alisema kwa sauti kubwa kwamba sola bado hawajaiona, akawatoa wote nje. Nikabaki na mama, na chupa, na lile neno langu CHUMVI, jekundu, lenye kivuli.

Nilipunga mkono mbele ya macho yake kama mpumbavu. Akaelewa kwa upepo.

"Acha hiyo," alisema. "Dirisha naliona. Ukisimama dirishani, naona kuna mtu."

"Tangu lini, mama?"

"Yalikwenda kidogokidogo. Hospitali walisema ni presha ya macho."

"Na hukutuambia!"

"Niwaambie ili iweje? Jirani yetu wa zamani alisema haoni, wanawe wakampa kiti. Wanampenda sana. Mpaka leo yuko kwenye kiti." Aliiweka chupa juu ya kaunta, taratibu, akiitafuta kaunta kwanza kwa mkono mwingine. "Kwenye jiko langu nilikuwa naona. Kopo lenye bonde ni chumvi. Kizibo cha soda ni moto mdogo. Wewe ukaleta vitu vizuri, vyote sawasawa."

Mimi, wa kuhutubia misibani, nilitia mkono mfukoni nikazitoa rababendi zote, bonge zima la kijani, nikamwekea kiganjani. Nililia, na kwa kuwa alikuwa anasikia, sikuweza kujificha.

"Sasa utanitoa jikoni," alisema mama.

"Sikutoi."

"Dada yako akijua, atasema nitajiunguza."

"Nitamwambia mimi ndiye nimekuunguza."

Hapo alicheka kidogo.

Mke wangu aliporudi alitukuta tumekaa sakafuni tunavisha chupa rababendi. Nilimweleza. Alimshika mama mikono kwa muda mrefu, kisha akanigeukia, na nilijua neno linalokuja, nikamwahi: "Sikumuuliza. Najua."

Makopo yasingeweza kurudi, kwa sababu yalikuwa yameshiba rangi ya mafuta. Kesho yake nilikwenda karakana nikalishika lile la biskuti, nikalifikicha lile bonde kwa kidole gumba, nikajiona mtu wa ajabu sana. Kisha nikarudi nyumbani na gundi ya mbao na vumbi la randa. Nilivichanganya mpaka vikawa uji mzito, nikatengeneza koni ya karatasi, na kwenye jiko la kioo nikadondosha tone gumu pembeni ya kila alama: tone moja kwa kuwasha, mawili kwa moto mdogo. Kingo za kaunta niliziwekea mikato ili mama ajue alipofika. Kisha nikazigeukia chupa. Juu ya kila herufi nilikamulia ule uji, nikaungoja ukauke, nikakamulia tena, mpaka herufi zikanyanyuka kama mishipa ya mkono. Hazikuwa na kivuli, na kutoka barabarani zilionekana kama ugonjwa. Mwenye Duka alipopita kunisalimia alizitazama, akasifu mchicha.

Nilimpelekea mama chupa ya kwanza, ya SUKARI, kama nilivyompelekea kila kazi yangu. Alikaa kwenye kigoda chini ya dirisha lake. Aliishika chupa kwa mkono mmoja, akaweka kidole cha mwingine juu ya herufi ya kwanza, akaanza kuifuata polepole, mdomo ukisogea, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye unga. Nilisimama nikisubiri ile "zimenyooka, baba" ambayo nimeishi nayo miaka yote.

Kidole kilipofika herufi ya tatu kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaipitia tena.

"Hii K imelala," alisema mama.

Nikainama kutazama. Ilikuwa imelala kweli.

"Futa," alisema, akinirudishia chupa. "Tuanze upya."